Miguu Isiyosikia: Mapigo, Mizani na Maradhi ya Parkinson

Mjadala kuhusu arudhi ya ushairi wa Kiswahili umekuwa wa muda mrefu na, mara nyingine, wa hasira. Tangu Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, na hasa baada ya Kezilahabi kuitoa Kichomi mwaka 1974, wahakiki wamegawika katika kambi mbili: wale wanaoshikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi, na wale wanaoshikilia kwamba vina na mizani ni vazi tu, ambalo laweza kuvuliwa na mwili ukabaki mzima. Kambi hizi zinahitilafiana katika mengi, lakini zinaafikiana katika jambo moja ambalo halijadiliwi kamwe, nalo ni kwamba mizani ni idadi. Wanamapokeo huzihesabu wakazihifadhi. Wanamabadiliko huzihesabu wakazikataa. Ninakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba kile tunachokihesabu sicho hasa kinachofanya kazi katika utungo. Ushahidi nitakaoutegemea hautoki katika diwani yoyote. Unatoka katika miguu ya mjomba wangu, na katika yale ambayo matabibu wamekuwa wakiyagundua kwa miaka zaidi ya hamsini kuhusu watu wenye maradhi kama yake.

Mjomba ni mkaazi wa Lamu, na kazi yake ya ujanani ilikuwa uwashi. Maradhi yalianzia katika mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada vilisuguana pasi na yeye kutaka, kiasi kwamba jirani waliomwona barazani walidhani anavuta uradi bila tasbihi. Baadaye sauti yake ilififia, uso ukawa hauonyeshi furaha wala ghadhabu, na hatua zake zikafupika mpaka akawa anaburura viatu. Kwa miaka kadhaa aliambiwa ni uzee. Hilo si jambo la ajabu katika sehemu zetu. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulibainisha kwamba wengi wa wagonjwa waliopatikana walikuwa hawajapata kuambiwa na yeyote wanaugua nini. Mjomba alipofikishwa hatimaye kwa tabibu wa mishipa ya fahamu, alitajiwa jina la Mwingereza: Parkinson.

James Parkinson alikuwa tabibu wa London, na mwaka 1817 aliandika kijitabu kuhusu watu sita waliokuwa na mtetemo na kupinda mgongo, baadhi yao akiwa amewaona njiani tu. Ni Mfaransa Charcot, baadaye katika karne hiyo hiyo, aliyeyapa maradhi hayo jina la Parkinson. Leo inafahamika kwamba katika wagonjwa hawa hufa seli zilizo ndani sana mwa ubongo, zile zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo bila yake mwili hushindwa kuanzisha na kuendeleza harakati zile ambazo mtu mzima huzifanya bila kuziwaza: kuinuka, kugeuka, kutembea. Dawa kuu, levodopa, ilianza kutumiwa katika miaka ya 1960 na mpaka sasa haijapata mshindani wa kweli. (Ni vyema kutaja kwa kupita kwamba mbegu za upupu, mmea ambao kila mtoto wa pwani anaujua kwa kuwashwa nao, zina levodopa ndani yake. Sisemi hivyo ili mtu akachume. Kipimo chake hakijulikani kwa kutazama ganda.)

Nilipomwuliza mjomba, mara ya kwanza, anahisi nini anapokwama, alinijibu kwa Kiamu: “Maguu hayasikii.” Jibu hilo limenishughulisha kuliko maelezo yote ya kitabibu niliyoyasoma. Kitenzi sikia katika Kiswahili kina upana ambao lugha nyingine hazina. Twasikia sauti, twasikia baridi, twasikia njaa, na mtoto asiyesikia ni mtoto asiyetii. Kwa hiyo mjomba alikuwa akisema mambo matatu kwa pamoja: kwamba miguu haina hisi, kwamba haitii amri, na kwamba haisikii sauti inayoiita. Lile la kwanza si kweli. Miguu yake ilikuwa na hisi kamili. La pili ni kweli. La tatu lilikuwa la kuchunguzwa, na ndilo lililonipeleka katika maandishi ya fani isiyo yangu.

Lamu ni mahali pagumu kwa mgonjwa wa aina hii. Milango ni myembamba na ina vizingiti vya juu, na vichochoro hugeuka ghafla. Mgonjwa wa Parkinson aghalabu huganda hasa penye mlango, penye kona na penye msongamano. Mjomba huweza kulivuka daka lote vizuri, kisha akifika kwenye kizingiti nyayo zikanata sakafuni kana kwamba zimegandishwa kwa saruji, huku kiwiliwili kikiendelea mbele. Hapo ndipo mtu huanguka. La kustaajabisha ni kwamba mtu huyo huyo hupanda ngazi za nyumba bila shida. Watu wa nyumbani walianza kumshuku. Mkaza mjomba, ambaye ulimi wake hauna pazia, alimwambia kwamba anaumwa mchana na kupona anaposikia harufu ya chakula darini. Lakini hali hii inajulikana. Mwaka 1967 tabibu wa Uingereza James Purdon Martin alieleza namna wagonjwa waliokwama walivyoweza kutembea pindi walipochorewa mistari sakafuni, kila mstari ukiwa mahali pa kukanyaga. Ngazi ni mistari ya namna hiyo. Mwili ambao hauwezi tena kujipangia hatua huweza kuzifuata hatua zilizokwisha kupangwa nje yake.

Kile ambacho jicho hufanya kwa mistari, sikio hufanya kwa mapigo, na hufanya vizuri zaidi. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake katika Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo sasa linatajwa kila mahali mada hii inapozungumzwa. Wagonjwa walitembea kila siku kwa muda wa wiki tatu wakifuata muziki ambao pigo lake lilikuwa limekazwa na kudhihirishwa, kwanza kwa kasi ya hatua zao wenyewe, kisha likiharakishwa kidogo kidogo. Mwendo wao uliongezeka kasi kwa asilimia 25, na urefu wa hatua kwa asilimia 12. Hakuna dawa iliyoongezwa. Kilichoongezwa ni wakati uliogawanywa sawasawa.

Hapa mhakiki wa fasihi anapaswa kusimama na kuuliza: pigo hilo linafanya nini? Dhana iliyozoeleka, ambayo hata sisi tunaifundisha, ni kwamba muziki huchangamsha. Humpa mtu moyo na kumsahaulisha taabu. Ikiwa hivyo ndivyo, basi wimbo wowote unaopendwa ungetosha, na mdundo mtupu wa metronomu usingefaa kitu. Lakini mdundo mtupu unafaa. Wanasaikolojia wamejua tangu zamani kwamba mtu akiambiwa agonge kidole pamoja na metronomu, hagongi baada ya kuisikia. Kwa kawaida huitangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Asingeweza kufanya hivyo lau angekuwa anaitikia sauti. Anaitarajia. Pigo la pili tayari limo mwilini mwake kabla ya kulia, na msuli umekwisha kujiandaa. Kwa hiyo pigo si sauti tu. Ni ahadi ya sauti, na hatua ya mgonjwa huegemea ahadi hiyo.

Kuna kitendawili ndani yake. Utafiti wa Jessica Grahn na Matthew Brett, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wenye maradhi haya hupata shida zaidi kuliko watu wengine katika kutambua mabadiliko ya midundo yenye pigo la kudumu. Yaani sehemu ya ubongo iliyoharibika ndiyo ile ile inayotusaidia kulizua pigo kutoka ndani. Wanachokikosa wagonjwa hawa ni mpigaji wa ndani. Akipatikana wa nje, njia nyingine za ubongo huonekana kuichukua kazi. Sijui sitiari iliyo bora kuliko hii ya kueleza uhusiano kati ya msomaji wa kimya na ghani.

Nilimpelekea mjomba metronomu iliyo katika simu. Ilisaidia. Alivuka kizingiti mara nne kati ya sita, nami nilihesabu kwa furaha ya mtafiti. Lakini hakuipenda. “Hiki chahesabu tu, mwanangu,” aliniambia. “Hakimwiti mtu.” Siku ya tatu aliniomba niizime, akakaa kimya, kisha akasema kwamba kama ni kugonga, wao walikuwa wakigonga sakafu, na yeye hakumbuki siku hata moja aliyochoka kabla ya wimbo kwisha.

Yafaa nieleze alichokuwa akikizungumzia, kwa kuwa kizazi cha zege hakikijui. Sakafu na dari za nyumba za mawe za mwambao zilitengenezwa kwa chokaa, mchanga na kokoto, zikamwagwa juu ya boriti na mawe, kisha zikapigwa kwa vipande vya mbao kwa siku nyingi mpaka zikashikana na kuwa ngumu kama jiwe moja. Watu walijipanga safu. Kiongozi aliita, wengine wakaitika, na vipande vyote vikaanguka pamoja. Pigo likitawanyika, chokaa haishikani vizuri. Pahali pengine hushindiliwa kupita kiasi na pengine hubaki na uwazi ambamo maji ya mvua yatapenya. Kwa hiyo ulinganifu wa mapigo haukuwa pambo la kazi. Ulikuwa sehemu ya ufundi wenyewe, kama vile kipimo cha chokaa.

Katika vitabu vyetu vya fasihi simulizi wimbo wa namna hii huitwa hodiya, na dhima zake hutajwa kwa orodha ambayo kila mwanafunzi wa shule ya upili anaikariri: kuchapusha kazi, kupunguza uchovu, kuhimiza ushirikiano, kukosoa mwajiri. Sina ugomvi na orodha hiyo, ila inaanzia pembeni. Inaichukulia hodiya kama ujumbe uliotiwa ndani ya wimbo, na wimbo kama sukari iliyotiwa ndani ya kazi. Jambo la msingi linaachwa: hodiya humwambia mwili lini. Mwito wa kiongozi hauwi amri ya kupiga. Ni muda wa kuinua kipande. Anayesubiri kiitikio ndipo ainue amekwisha kuchelewa. Mwito na mwitiko, ambao tumeuchambua kama alama ya ujumuiya wa Kiafrika, kwanza ni chombo cha kugawanya wakati ili kila mwili upate nafasi ya kutarajia. Ndiyo sababu metronomu haikumwita mjomba. Ilimpa pigo bila kumpa maandalizi ya pigo.

Mapokeo ya Kiarabu yanasimulia kwamba Al-Khalil bin Ahmad, mwanazuoni wa karne ya nane aliyeweka misingi ya elimu ya arudhi, aliipata fikra hiyo alipokuwa akipita katika soko la wafua shaba mjini Basra na kusikia nyundo zao. Kama kisa hicho kilitokea au hakikutokea, si hoja. Kinachovutia ni kwamba waliokisimulia waliona ni jambo la kusadikika kuwa kipimo cha ushairi kizaliwe katika kiganja cha mfanyakazi. Na arudhi ya Kiarabu, iliyopima silabi fupi na ndefu, ilikuwa kipimo cha wakati. Sisi tuliazima neno arudhi, lakini lugha yetu haina tofauti hiyo ya silabi, nasi tukabaki na hesabu: nane katika mshororo wa utenzi, kumi na sita katika shairi. Kila mizani ni sawa na mwenziwe. M ya mtu ina uzito sawa na tu inayoifuata.

Bali hakuna mghani hata mmoja anayeghani hivyo. Ukimsikiliza mwenye kuujua utenzi, utasikia kwamba zile nane hazigawiwi muda sawa. Moja huvutwa, mbili hubanwa pamoja, ya mwisho huachwa ielee mpaka kina kitue. Mahadhi hayavunji mizani, wala hayatiwi juu yake kama rangi. Mizani ndiyo mabaki ya mahadhi baada ya sauti kuondolewa, kama alama za vipande kwenye sakafu kuukuu. Kina nacho ni tarajio: beti mbili zikishapita, sikio limekwisha kufika mwishoni mwa ubeti wa tatu kabla ya ulimi. Mtungaji hodari huijua nguvu hiyo na mara nyingine humkwaza msikilizaji makusudi.

Ikiwa hoja hii ina uzito, basi mgogoro wa mapokeo na mabadiliko umepiganiwa kwenye uwanja usio wake. Lipo shairi la mizani kumi na sita zilizotimia ambalo lachechemea kwa kila mshororo, na ipo tungo huru ambayo mtu aweza kutembea nayo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Simtetei mwanamapokeo wala mpinzani wake. Nasema wote wawili walete masikio.

Haifuati kutoka hapa kwamba kila mapigo yanafaa kila mwili. Oliver Sacks, katika kitabu chake Awakenings cha mwaka 1973, aliandika kuhusu wagonjwa wa hospitali moja mjini New York ambao miili yao iliganda kwa miongo baada ya maradhi ya usingizi yaliyoenea duniani kuanzia miaka ya 1910. Hali yao haikuwa sawa kabisa na ya mjomba, lakini ilikuwa jamaa yake. Mmoja wao, aliyekuwa mwalimu wa muziki, aliona kwamba maradhi yalikuwa yamemvua muziki na kwamba hakuna kitakachomrudisha ila kuvikwa tena. Mara nyingine wimbo uliomjia kichwani ulitosha kumnasua. Lakini Sacks aliona pia kwamba mdundo mkali usio na mtiririko ungeweza kumrusharusha mgonjwa kama kikaragosi. Pigo lililo nje ya mtu laweza kumkomboa na laweza kumtawala. Wahakiki waliokwisha kuchambua ngoma za kisiasa na halaiki za viwanjani hawatalishangaa hilo.

Wala tiba hii si muujiza. Jaribio kubwa lililofanywa katika Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi kwa wagonjwa 153 majumbani mwao, na kuchapishwa mwaka 2007, lilionyesha maendeleo ya kweli lakini madogo, na wiki sita baada ya mafunzo kukoma sehemu kubwa ya maendeleo hayo ilikuwa imetoweka. Seli zilizokufa hazifufuliwi kwa wimbo. Mwenye kuacha levodopa kwa kuwa amepata ngoma anajidhulumu. Pigo ni la kila siku, kama chakula; na kama chakula, lazima awepo wa kuliandaa.

Hapo ndipo fani yangu iliponiangusha. Baada ya mjomba kuitaja kazi ya sakafu, nilikwenda kwenye rafu ya tasnifu kutafuta nyimbo za waashi na za makuli. Nilizipata chache. Maneno yamenukuliwa kwa uangalifu, yamefasiriwa, yameainishwa kwa dhamira, na tamathali zake zimeorodheshwa. Katika kurasa zote hizo hapana alama hata moja ionyeshayo kipande kinaanguka wapi. Nilimsomea mjomba wimbo mmoja kutoka kwenye karatasi. Alisikiliza kwa adabu, akasema huenda ni wimbo wa watu wa mahali pengine. Haukuwa. Mzee mwenziwe, aliyekuwa kiongozi wa nyimbo katika safu yao, alipokuja kumjulia hali na kuuimba kwa sauti iliyokwaruza, huku akigonga ubao wa mlango kwa ufunguo, mjomba aliutambua kabla ya neno la tatu na mguu wake wa kushoto ukasogea chini ya kiti. Maneno ya karatasi yalikuwa sahihi yote. Ila pigo huangukia silabi ambayo mhesabuji wa mizani angeipita bila kuitazama, na mara mbili huanguka pasipo neno lolote, katika pumzi.

Mkaza mjomba aliniamuru niwarekodi. Tuliketi dakani alasiri nzima, wazee wawili wakibishana kuhusu mwendo uliokuwa wa siku ya kwanza, chokaa ikiwa laini, na ule wa siku za mwisho. Kwani, kama nilivyokuja kuelewa, kasi haikuwa moja, na waliibadilisha kwa kadiri sakafu ilivyokazana. Mwendo wa siku ya kwanza ndio unaomfaa mjomba asubuhi. Mkaza mjomba huuwasha katika simu baada ya dawa kushika, akaiweka juu ya kizingiti, upande wa pili wa mlango. Zipo siku ambazo haimfai, hasa dawa inapokaribia kwisha nguvu, na siku hizo haimlazimishi. Mwimbishaji amekwisha kufariki. Nakala ya rekodi ipo ofisini kwangu, na mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili ameanza kuinukuu upya, maneno kwenye mstari mmoja na mapigo kwenye mstari wa chini yake. Amefika ubeti wa tano na ameniuliza aiandike vipi ile pumzi.